Zamu ya Alwyn Getini

Wageni wawili waliokuja kutazama kanisa walimshukuru Muriel kwa yule mzee wa getini.

"Anajua historia ya kila jiwe! Ila jamani, mpeni mwavuli, kalowa chapachapa."

Nje jua lilikuwa linawaka. Na aliyekuwa akikaa getini kuongoza wageni ni Alwyn, mumewe Muriel, naye alizikwa mwaka jana.

Muriel hakushtuka. Tangu msiba moyo ulikuwa umemfa ganzi, hata kulia alikuwa hajalia. Alifungua kanisa asubuhi, akafunga jioni, basi.

"Yuko zamu," alinong'ona Mchungaji Philippa alipoambiwa. "Wazee wa hapa wanasema aliyezikwa mwisho ndiye mlinzi wa makaburi, mpaka azikwe mwingine."

"Makaburini imebaki nafasi moja tu," Muriel akasema. "Yangu."

"Ndiyo hivyo. Anakungoja wewe."

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri Muriel akisugua vinara, alisikia hatua nzito zikija juu ya kokoto, na harufu ya udongo mbichi na tumbaku ya kiko ikimfikia, na hatua zikikoma kizingitini, zisivuke, naye akiendelea kusugua kinara kilekile bila kugeuka, maana hakujua aogope lipi, kumwona au kutomwona.

Siku moja akasema, "Alwyn, si uingie ukae?"

"Sina ruhusa," sauti ikajibu. "Miguu inaniuma, Muriel."

Wiki ile akafa jirani yao, Doreen Platt, aliyegombana na Alwyn miaka ishirini kwa ajili ya ua wa miti. Muriel akampa nafasi yake.

"Na wewe utalala wapi?" Philippa akauliza.

"Popote. Mume wangu apumzike kwanza."

Doreen akazikwa. Kokoto zikanyamaza.

Jumamosi wakaja wageni wengine, mke na mume. Mke aliketi kando ya mumewe, akihema. "Yule bibi wa getini, loo! Katufokea eti tumekanyaga majani yake!"

Muriel akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Doreen huyo huyo. Basi Alwyn amepumzika.

Yule mke akasogea kwenye benchi, akapisha nafasi ya watu wawili.

"Karibuni mkae," akasema, akitazama juu ya bega la Muriel. "Na wewe mzee, karibu."

Mkono wa baridi ukaingia mfukoni mwa koti la Muriel, ukatoa ufunguo wa nyumba.

"Zamu imekwisha," Alwyn akamwambia sikioni. "Twende nyumbani."