Kanzu za Kwaya na Ukuta wa Tanuri

Kila alfajiri Bwana Mkate aliwasha tanuri lake kwa bismillahi. Nyuma ya tanuri kulikuwa na ukuta, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba cha Mama Pindo, mshonaji. Ukuta ule ulikuwa na joto la kupendeza. Mama Pindo alizoea kuanika hapo nguo zilizofuliwa, nazo hukauka kabla hajamaliza chai yake.

Alhamisi moja Bwana Mkate alipata kazi ya mikate ya harusi. Akachochea moto maradufu, bila kumwarifu mtu. Jua lilipochomoza, alisikia kelele.

"Toka nje, Bwana Mkate! Toka ujionee!"

Mama Pindo alisimama mlangoni na kanzu nyeupe za kwaya. Migongoni zilikuwa na madoa ya kahawia.

"Zinavaliwa Jumapili hizi! Umeziunguza makusudi kwa kuwa ni za kanisa."

"Nani alikutuma uanike nguo kwenye tanuri langu?"

"Tanuri lako, ukuta wetu! Naenda kwa mwenye nyumba, alifunge leo hii."

Bwana Mkate alirudi ndani. Tanuri likifungwa, watoto watakula nini? Hata hivyo alikaza shingo.

"Aende! Sina kosa mimi," alimwambia shangazi yake, muuguzi mstaafu, aliyekuwa akipanga mikate kapuni.

"Kosa tutalitafuta baadaye," shangazi alijibu. "Mgonjwa aliyeanguka alipoletwa, sikumwuliza kwanza kwa nini alipanda ngazi mbovu. Nilimfunga jeraha. Hebu niambie, mwanangu, leo umewasha moto kwa jina la nani?"

"La Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema."

"Na jirani yako kanisani anafundishwa nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Mimi najua. Nimekesha na wagonjwa wa dini zote, nimesikia sala zao. Anafundishwa kumpenda jirani na kumhurumia aliyeumia. Kumbe mmefundishwa somo moja, mkafeli pamoja!"

Bwana Mkate alicheka bila kupenda. Akavua aproni, akaenda kwa jirani.

Alimkuta Mama Pindo akivaa viatu.

"Pole sana, fundi. Nilichochea moto bila kukuambia, tena sikukuuliza hata kama umeungua. Sema la kufanya. Nyumba nzima tutakusaidia."

Mama Pindo aliketi, kiatu kimoja mkononi.

"Nisamehe nami, nimekusingizia. Kila siku naomba Mungu anisamehe kama ninavyowasamehe wengine, halafu mbio kwa mwenye nyumba!"

Waliamua kufunika madoa kwa kitambaa cha buluu. Mke wa Bwana Mkate alikata, shangazi akapiga pasi, na Bwana Mkate mwenyewe akahangaika kutunga uzi.

"Vidole hivyo ni vya kukandia unga," Mama Pindo alimtania.

"Nawe ukikanda, wateja watatafuna vifungo!"

Jumapili kwaya iliimba ikiwa imependeza, huku kanzu zikinukia mkate wa moto. Ibada ilipokwisha, waumini kadhaa walikwenda moja kwa moja dukani kwa Bwana Mkate.

Tangu hapo, kabla ya kuongeza moto, Bwana Mkate hugonga ukuta. Mama Pindo huondoa nguo, kisha naye hugonga. Siku asipojibu, Bwana Mkate hachochei. Huweka chini kuni zake, akaenda kwanza kumjulia hali.