Aliyekuja Kumuulizia Mwanawe

Mzee Bernardo alikuwa akipukuchua maharage sebuleni, saa saba mchana, aliponyanyua uso na kusema, "Karibu, mama." Kisha akamgeukia dada yake. "Deodata, mpe mgeni kiti."

Deodata alitazama mlangoni. Palikuwa na jua tupu na kuku wawili.

"Mgeni gani, kaka?"

Bernardo aliendelea kutazama mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa juu ya maganda, na nyumba nzima ilinuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi ile.

Walikuwa wakiishi wawili tu katika shamba lao nje ya mji wa Biharamulo: Deodata, mjane wa miaka sitini na tisa, na kaka yake aliyepigana vita vya Kagera akiwa kijana. Zamani, kule Kyaka alikoolewa, Deodata aliitwa Mama Frednand. Majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka mwaka sabini na nane, alikimbia na mwanawe wa miaka minne, na katika msongamano wa watu mtoni akampoteza. Hakuna aliyemwona tena, akiwa hai wala maiti.

Siku ya pili, saa ileile, nyayo zilizunguka nyumba polepole, zikasimama chini ya dirisha la Bernardo. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza, "Omwana wange ali ludda wa?"

Nywele zilimsimama Deodata. Kiganda alikijua, kwa kuwa aliishi mpakani. Mwanangu yuko wapi?

Tangu hapo miguu ya Bernardo ikawa baridi, haisogei. Siku ya tatu sauti ilirudi, na ilipoondoka, mzee hakuweza kumeza hata uji. Deodata akatuma mtu mjini amwite Shehe Abdulkadiri, muuza vitambaa ambaye husomea wagonjwa, Waislamu kwa Wakristo.

"Shikamoo, mama," alisema shehe, akawasha ubani na kuanza kisomo. Lakini moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni hadi kando ya kitanda, ukajikusanya, ukachuchumaa kama mtu anayengoja. Shehe akafunga kitabu.

"Huyu si jini," alinong'ona. "Jini ningemwamuru. Huyu ni mama wa mtu. Amekufa juzijuzi, bado anauliza, na huko aliko ameonyeshwa mwenye jibu."

"Mfukuze, shehe! Nakuomba!"

"Asiyejibiwa hafukuziki. Kesho akirudi, ataondoka na pumzi za mzee."

Shehe alipotoka, Deodata alipiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, ulimfanya nini mtoto wa watu?"

Machozi yalimtiririka Bernardo hadi masikioni. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi tu. "Vitani kule Uganda, alitoka migombani mikono juu. Bunduki alishaitupa. Kijana mdogo, Deo. Habari za Frednand zilikuwa zimenifikia siku ileile... Nikampiga risasi. Alikufa akimwita mama yake."

Furaha mbaya ilimpanda Deodata kifuani, fupi kama kwikwi, kisha ikashuka ikaacha uchungu wa nyongo mdomoni. Miaka yote aliomba mtu alipie. Kumbe kulikuwa na mtu aliyelipa.

Siku ya nne alifunga mlango kwa komeo, akaegemeza meza, akasimama katikati ya chumba na rozari mkononi, na saa saba ilipofika kuku wakanyamaza, upepo ukakata, harufu ya udongo ikaja nzito hadi macho yakamwuma, na komeo likaanza kujivuta lenyewe, taratibu, kama linavyovutwa na mwenye nyumba anayerudi kwake, huku kitandani Bernardo akikoroma kama mtu anayezama.

"Na wangu je?" Deodata akapiga kelele. "Wangu mimi, nani aliniambia alipo?"

Komeo likasimama. Akajua kwamba anasikilizwa.

"Mwambie, kaka. Mwambie sasa."

"Nyuma ya zizi," Bernardo alisema, kila neno likimkwaruza koo. "Kwenye kilima cha kanisa la matofali. Nilimzika mwenyewe. Alikuwa amejisalimisha, mama, nami nikamuua. Nisamehe."

Kilio kilichotoka nje kilitikisa mabati. Deodata alikuwa amewahi kukisikia mara moja tu maishani, kikitoka katika kinywa chake mwenyewe. Akaketi sakafuni akalia naye, mmoja ndani na mmoja nje, kama wanavyolia majirani.

Walipochoka, Deodata aliweka shavu kwenye ubao wa mlango. "Dada," alisema kwa Kiganda, "huko uliko, wangu hukumwona?"

Nyayo zilisogea hadi mlangoni.

"Sikumwona," sauti ikajibu. "Njoo tukamtafute."

Bernardo alihisi damu ikirudi miguuni. Alipojiinua, alimwona dada yake akijifunga kanga, akiondoa meza, akifungua mlango.

"Deodata! Usiende naye! Deo!"

Hakugeuka. Bernardo alitambaa hadi kizingitini, akayumba hadi barabarani, akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake alifika kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe. Askari kijana alimpa kiti, akafungua daftari, akaandika jina, umri na rangi ya kanga.

"Alipoondoka, mzee, alikuwa na nani?"

Bernardo aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Miaka arobaini na sita hakuwahi kuyasema mbele ya mtu wa serikali.

"Alikuwa na mama wa kijana niliyemuua," alisema. "Andika."