Besi ya Baba Mdogo Egidi

Siku nilipofika Litembo na begi langu la ufundi, mama mdogo Ottilia alikuwa shambani na wenzake, wakilaza majani ya kufukia kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha milimani. Ilikuwa mwaka 1995. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamejaa Mbinga, nami nilikuwa nimetoka Lusaka na Durban, ambako sikuambulia kitu. Nilirudi na kitambi, kofia ya pama na imani kwamba hakuna redio inayonishinda. Imani hiyo ilikuwa imeshaua redio nne.

Mumewe, baba mdogo Egidi, alikuwa akiimba besi kwenye kwaya ya kigango. Alikuwa na miezi minane kaburini, pale pale juu ya shamba. Sauti yake ilibaki kwenye kanda moja tu. Kila baada ya chakula cha mchana mama mdogo aliwasha jenereta, akaisikiliza kwa amplifaya kuukuu ya marehemu, yenye taa mbili za kioo ambazo lazima uzisubiri zipate moto ndipo muziki usikike. Ilikuwa inakwaruza. Aliniomba niisafishe tu.

Nikamwambia dunia imehamia kwenye chipu. Nikazing'oa zile taa, nikafunga saketi mpya niliyoinunua Kariakoo. Taa nikazitupa kwenye ngolo, akina mama wakazifukia pamoja na majani. Huku kila takataka ni mbolea, nami nilitaka nionekane bado mwenyeji.

Tukawasha. Soprano ilisikika safi kama kengele. Alto nayo. Tukasubiri besi.

Besi haikuingia.

Nilikagua nyaya zote. Waimbaji wote walikuwepo, hata Hedwiga na kikohozi chake. Egidi tu hakuwepo. Mahali pake palikuwa kimya. Kimya chenye pumzi.

"Benno," mama mdogo akanong'ona. "Umemweka wapi?"

Nilichukua jembe, nikaenda kwenye ngolo ilikofukiwa taa. Saa nane mchana, jua kali, shamba halina mtu. Akina mama walikuwa wamekwenda kula. Chini ya miguu yangu mtu alikuwa anaimba besi, bila maneno.

Miguu hii imewakimbia polisi wa nchi mbili. Siku hiyo iligoma.

Nikachimba. Udongo ulikuwa wa baridi. Taa zilikuwa za moto. Hazikuwa na waya wowote.

Zilikuwa zinawaka.

Nilizirudisha kwenye amplifaya. Ubeti wa pili, Egidi akaingia. Mama mdogo akalia, akanishika mkono, akasema, "Asante, mwanangu. Usimtoe tena."

Sikumwambia nilichosikia. Egidi alikuwa anaimba kama mtu mwenye kitu mdomoni.

Wala sikumwonyesha vile vioo. Havina ufa, vimezibwa tangu kiwandani. Lakini ndani, chini kabisa, palikuwa na udongo mwekundu, kama kijiko kimoja cha chai.

Kila Pasaka huenda kumpa mama mdogo shikamoo yake. Akiingia jikoni, mimi hufunua amplifaya na kuchungulia. Mwaka wa kwanza udongo ulifika robo. Mwaka huu umepita nusu. Besi inazidi kufifia, na mama mdogo anadhani kanda ndiyo inayochakaa. Amesogeza kiti chake hadi sikio linagusa spika.