Pumzi Ndani ya Saa ya Mzamiaji

Mwanzoni ilikuwa ukungu tu. Lenzi aliitoa saa kwenye droo asubuhi akakuta kioo chake kimefunikwa na ukungu kwa ndani, kama dirisha la chumba walicholala watu wengi. Akashangaa. Saa yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya wazamiaji, watu wa kushuka chini kabisa ya bahari, na haikuwa imeguswa na tone la maji tangu iingie nyumbani mwake. Akaifungua, akaikausha, akaifunga. Alipoigeuza kuitazama, ukungu ulikuwa umerudi, na ulikuwa unakuja na kuondoka taratibu, kama vile kuna mtu anapumua upande wa pili.

Jina la Lenzi alipewa kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa nzima. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hata siku ya posa alimkagua kwanza asije akawa bandia. Kazi yake ilikuwa kuandika vitabu vya mwongozo kwa wanaokusanya saa za zamani za uzamiaji, zile za kifahari: namna ya kutambua uso wa saa uliopakwa rangi upya, mishale iliyobadilishwa, pete inayozungushwa kandokando ya kioo isiyo ya mwaka wake. Lenzi akisema saa ni halali, basi ni halali. Akisema ni feki, mwenyewe anaifunga kwenye kitambaa na kwenda zake bila kubisha.

Ndivyo alivyoipata hii. Mjane mmoja alikuja nayo ndani ya kitambaa, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Marehemu mume wangu alikuwa mzamiaji," alisema. "Alituambia kampuni yao ilimzawadia saa hii siku alipowatoa wenzake wawili ndani ya meli iliyozama. Shemeji zangu wanamcheka hadi leo, yeye yuko kaburini. Wanasema ni saa ya kuokota na hadithi ni ya kutunga. Mimi nataka ukweli tu, baba, niwaambie wanangu."

Lenzi aliinama. Moyo ulimpasuka kwa furaha. Ilikuwa ya aina aliyoitafuta nusu ya maisha yake, aina ambayo kwenye rasimu ya kitabu chake ilikuwa na mchoro tu, kwa kukosa picha. Alipofungua mfuniko wa nyuma, akayaona maneno ya shukrani yaliyochongwa kwa ndani, na jina la marehemu. Akaufunga haraka. Kisha mdomo wake ukasema, wala hakuuzuia:

"Ni ya bandia, mama. Pole sana. Ukipenda niachie, niitumie kuwafundisha watu wasidanganywe."

Mjane aliiacha saa pale mezani. "Kwa hiyo alinidanganya," akasema polepole. Akakunja kitambaa kitupu. Mlangoni akageuka. "Nisamehe kwa kukupotezea muda."

Kitabu kilipotoka, saa ile ilipewa ukurasa mzima kama saa halali, na chini ya picha yakaandikwa maneno: kutoka hazina ya mwandishi.

Baada ya ule ukungu ikaja harufu. Chumba cha kazi kilinuka mwani na mafuta ya mashine, ingawa kutoka pale hadi baharini ni safari ya kutwa. Kisha zikaja nyayo. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyetishika kirahisi, alimwita mchana kwa sauti ya kunong'ona.

"Mume wangu, nani kaoga akapita hapa?"

Kwenye korido palikuwa na alama za maji, pana kama za miguu ya bata, za yale mapezi ya mpira wanayovaa wazamiaji. Zilitoka bafuni, zikafika kwenye meza ya Lenzi, zikaishia hapo. Za kurudi hazikuwapo.

"Bomba linavuja," Lenzi alisema.

"Bomba lina miguu?"

Tangu siku hiyo mkewe akawa mtu wa kiu. Alikunywa maji glasi juu ya glasi, akazungumza kidogo, na akiwa peke yake jikoni Lenzi alimsikia akivuta pumzi ndefu na nzito, kama mtu anayepumua kupitia mpira wa hewa.

Siku wakusanyaji wenzake walipokuja alasiri kumpongeza kwa kitabu, mkewe aliingia na sinia la chai, akaliweka chini polepole, akasimama katikati ya sebule huku mikono ikining'inia, na watu wakanyamaza wakidhani anataka kutoa neno la shukrani, na mdomo wake ukafunguka, na iliyotoka si sauti yake bali sauti ya Lenzi mwenyewe, na mkwaruzo wake wote, ikisema, "Ni ya bandia, mama, pole sana," na mgeni mmoja akacheka akidhani ni utani wa nyumbani, kisha ikatoka sauti nyingine, ya mwanamke mzima aliyechoka, ikisema, "Kwa hiyo alinidanganya," na maji yakaanza kumtiririka kidevuni, maji ya chumvi yasiyokwisha, yakailowesha nguo yake hadi zuliani.

Lenzi alijua la kusema. Lilikuwa pale kooni. Badala yake akawageukia wageni.

"Mke wangu ana homa," akasema. "Siku hizi anaropoka."

Macho ya mkewe, yale ya kwake halisi, yalimtazama alipokuwa akisema hivyo.

Jirani yao alikuwa mkunga mstaafu, aliyesifika kwa kuzungumza na majini bila kupandisha sauti. Alikuja jioni ile ile, akamkalisha mgonjwa mkekani, akamshika kiganja.

"Wewe ni nani?"

"Mwenzake wa chini," jini akajibu. Sauti ilitokea mbali, ikibubujika. "Nilishuka na yule mzamiaji miaka yake yote. Niliona alipowatoa wale wawili."

"Unataka saa yake?"

"Saa ni chuma. Nataka neno lifutwe kila lilipofika."

"Neno gani?"

"Muulize mwenye kioo jichoni."

Mkunga akageuka. Lenzi akakivua kile kioo. Uso wake ulihisi baridi, kama uso wa mtu aliyenyolewa ndevu za miaka mingi.

Walikwenda kwa mjane, mkewe akiwa ameshikwa huku na huku. Mashemeji wakaitwa. Lenzi alitaka kuanza na maelezo ya kitaalamu, mkunga akamkatiza: "Sema ulichofanya." Akasema. Akafungua mfuniko wa saa, akasoma maneno yaliyochongwa, na sauti yake ikakatika alipofika kwenye jina. Shemeji mkubwa alitazama miguu yake mwenyewe. Mjane aliipokea saa, akaiweka mapajani.

"Siku ile nilikuomba msamaha kwa kukupotezea muda," alisema.

"Nakumbuka, mama."

"Basi nirudishie msamaha wangu."

Lenzi alipiga magoti. Hakujua mtu anaurudishaje. Alibaki hivyo mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia ainuke. Nyuma yake mkewe alikohoa mara moja, akatapika maji mengi, kisha akauliza kwa sauti yake mwenyewe yuko wapi.

Nyumba ikatulia. Korido ikakauka. Mkewe akarudi shuleni, ingawa mumewe alimsemesha akimtazama mabega, si macho.

Kisha simu ikaita. Alikuwa mkusanyaji wa mji wa mbali, mtu asiyemjua.

"Kaka Lenzi, samahani. Kitabu chako kizuri sana. Lakini ule ukurasa wa saa ya mzamiaji umeloa. Nimeuanika juani, nimeupiga pasi, nikiufungua umeloa tena." Akashusha sauti. "Na usinicheke. Tangu jana mke wangu anaongea kwa sauti yako."

Nyuma ya sauti yake Lenzi aliisikia pumzi, ndefu, nzito, ya kuvuta na kutoa. Akamtazama mkewe. Mkewe alinyanyuka, akamsogezea kiti, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Mpe mkeo simu," Lenzi akasema. Akakaa. "Naomba unisikilize. Saa ile si yangu; mwenyewe nilimdanganya kwamba ni ya bandia. Nilijua ni halali tangu mwanzo."

Alikuwa bado anaeleza pale simu yake ya pili, iliyokuwa juu ya meza, ilipoanza kuita.