Raba Haichaguliwi kwa Kidole Gumba

Raba mpya zilinitegua kifundo cha mguu. Zilikuwa raba za bei kubwa, laini kuliko zote dukani, na nilizichagua mwenyewe.

Naitwa Gus Wojcik. Nina miaka hamsini na mbili. Kazi yangu ni kufunga matairi hapa Lorain, Ohio, na nimeifanya miaka ishirini na sita. Mke wangu ni Renata. Binti yetu ni Tess, ana miaka kumi na tisa.

Kila mwaka, asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, watu wa parokia yetu hukimbia maili tano kabla ya kwenda kula bata mzinga. Tess hukimbia. Mimi hukaa pembeni kwenye kiti cha kukunja, na kahawa yangu mkononi. Lakini mwaka huu Tess alijiandikisha jeshi la majini. Angeondoka Jumapili, siku tatu tu baada ya sikukuu.

Mwezi wa saba aliniambia, "Baba, mwaka huu ukimbie na mimi. Maili zote tano. Sitaki unipungie mkono kutoka kwenye kiti."

"Nitakimbia," nikasema.

Shemeji yangu Lenny alikuwa jikoni kwetu, anakula kama kawaida yake. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Wewe Gus? Wewe hukimbilia friji tu."

"Na wewe je? Ukipanda ngazi tano unaita padri."

"Haya basi. Tukimbie wote. Atakayeachwa nyuma ataosha vyombo vya ukoo mzima."

Tukapeana mikono.

Nilianza mazoezi na raba zangu kuukuu, zile za kukatia nyasi. Tulikimbia jioni, mimi na Tess. Kufika mwezi wa tisa nilikuwa naweza maili tatu bila kusimama. Soli za raba zile zilikuwa zimekwisha kabisa, kwa hiyo nikaenda duka kubwa kununua nyingine.

Nilinunua hivi. Nilichukua raba moja baada ya nyingine nikaibonyeza soli kwa kidole gumba. Moja ilibonyea kama mkate wa moto. Nikaagiza namba ile ile ya buti zangu za kazini. Nikavaa mguu mmoja, nikiwa nimekaa. Nikasimama kwenye zulia. Raha tupu! Nikalipa.

Barabara ya kwetu imeinama pembeni ili maji ya mvua yaende mtaroni. Wiki ya tatu, tukiwa tunakimbia pembeni hapo, kisigino kiliteleza ndani ya raba. Soli ikalala upande, na mguu ukalala nayo. Nikasikia maumivu mpaka kwenye meno. Tess alinishika, la sivyo ningelala mtaroni.

Daktari akasema mfupa haukuvunjika. "Lakini usikimbie wiki tatu."

Zilikuwa zimebaki wiki nane kufika siku ya mbio.

Tess akakaa karibu nami, mguu wangu ukiwa juu ya mto wenye barafu. "Basi, baba. Tutakimbia mwakani."

"Mwakani utakuwa kwenye meli."

Akabadilisha barafu.

Kesho yake Renata alimwita jirani yetu, Bi Bernadette Kuhar. Huyu mama alisambaza barua kwa miguu miaka thelathini na moja. Sasa amestaafu, na Jumamosi huuza kwenye duka dogo la mjini la raba za kukimbilia. Aliichukua raba yangu akaiweka juu ya meza ya kulia.

"Viatu mezani kwangu, Bernadette?" Renata akasema.

"Nitapafuta. Gus, hizi ulizijaribu vipi?"

"Nilizibonyeza kwa kidole."

Akanitazama. "Hebu niambie. Mteja akija kununua tairi kwako, hufanya nini kwanza?"

Nikajua anakonipeleka, nikajifanya napanga barafu mguuni. Wateja hupiga tairi teke. Miaka ishirini na sita nimewaona. Hupiga teke, kisha hutikisa kichwa kama vile tairi limewajibu. Nimewacheka wote.

"Sema," akasema.

"Hulipiga teke."

"Na hilo teke huwaambia nini?"

"Haliwaambii kitu. Tairi utalijua likibeba gari kwenye kona."

"Basi na wewe umeipiga raba teke."

Renata alicheka mpaka akashika ukuta.

"Swali lingine, fundi," Bi Bernadette akaendelea. "Tairi refu, lenye ubavu laini, likoje?"

"Tamu kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona gari linayumba."

"Sasa tazama hii." Aliishika raba kwa juu akaisukuma upande kidogo. Soli ikabonyea, raba ikainama. "Soli ni nene, ni laini, na upana wake chini ni mdogo. Kuna watu inawafaa, sisemi ni mbaya. Lakini wewe ni mzito, barabara yetu imeinama, na hii inakuyumbisha. Tena ni kubwa. Buti za kazini unavaa na soksi nene, sivyo?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana kisigino kilikuwa kinaogelea. Gus, ulaini ni sponji tu. Raha ni mguu kutulia. Daktari akikuruhusu, njoo dukani Jumamosi jioni. Usije asubuhi. Jioni mguu umevimba kidogo, kama unavyovimba ukikimbia. Na uje na soksi zako za kukimbilia."

Wiki tatu zilipita polepole. Daktari akanipa ruhusa, nikaenda na Tess.

Bi Bernadette alinipima miguu yote miwili, nikiwa nimesimama. Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kulia. Miaka hamsini na mbili sikulijua hilo.

"Tunafuata ule mrefu," akasema. Kisha akaweka kidole gumba mbele ya kidole changu kirefu, juu ya raba. "Nafasi iwe kama upana wa kidole hiki. Hapa ndipo gumba lina kazi."

Akaleta jozi tatu, nikavaa kila jozi miguu yote miwili.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, lakini ilibana kidole kidogo.

"Itapanuka," nikasema.

"Usiitegemee ipanuke. Ikibana hapa, itabana na barabarani. Vua."

Nikavaa ya pili. "Simama mguu mmoja," akasema. "Kunja goti kidogo. Tess, kaa nyuma yake utazame kisigino."

Nikakunja goti.

"Baba, unayumba kama mjomba Lenny harusini."

"Vua," akasema Bi Bernadette.

Ya tatu haikuwa na sura. Ilikuwa ya kijivu, kama mvua ya hapa kwetu. Soli ilikuwa na sponji ya kutosha lakini haikuzama, na chini ilikuwa pana. Nyuma, pale kisigino kinapokaa, palikuwa pagumu kidogo. Nikasimama mguu mmoja. Nikakunja goti.

"Imetulia," Tess akasema.

"Sasa toka nje ukimbie," Bi Bernadette akasema. "Mpaka kwa kinyozi na kurudi. Pita pale palipoinama. Zulia halimtegui mtu."

Nikakimbia. Nikarudi.

"Unasikia nini mguuni?"

Nikafikiri. "Sisikii kitu."

"Hiyo ndiyo yako," akasema. "Sasa usiende maili tatu leo. Anza na moja, uongeze kidogo kidogo. Mguu ukiuma, simama. Na andika tarehe ndani ya raba. Ukishakimbia maili mia tatu uanze kuikagua soli, maana sponji huchoka. Ikifika mia tano, usibishane nayo sana. Wewe mtu wa matairi, nisikufundishe hilo."

Zilibaki wiki tano. Wiki ya kwanza tulikimbia maili moja moja, Tess akinivuta shati kila nikitaka kwenda mbio. Kidogo kidogo tukafika nne na nusu.

Asubuhi ya sikukuu kulikuwa na theluji nyepesi. Bi Bernadette alikuwa amekalia kiti changu cha kukunja, na kahawa mkononi. Tukaondoka. Maili ya nne barabara inapinda na kuinama kwa pamoja, mbaya kuliko pale nilipoteguka. Tess akautazama mguu wangu.

"Vipi hapo, baba?"

"Vipi nini?"

"Mguu!"

"Nilikuwa nimeusahau."

Akacheka, akanipiga bega. Tulivuka mstari pamoja, yeye na mimi, bega kwa bega. Nilikuwa nahema, na mkono wake sikuuachia.

Lenny alikuwa amekwisha kufika. Hatua kumi na mbili tu mbele yetu, ameinama, ameshika magoti. Mwezi mzima alikuwa anafanya mazoezi kwa siri, mshenzi yule. Aliinua kichwa, akanitupia aproni.

Basi gharama yote ni hii. Raba za kwanza, dola mia na sitini na tano. Leo nazivaa kukatia nyasi. Raba za pili, dola mia na thelathini. Daktari, dola arobaini. Wiki tatu bila kukimbia na binti yangu, kati ya nane zilizokuwa zimebaki. Na sahani thelathini na nane, mbali na masufuria. Mimi nikaosha, Tess akakausha.