Kengele ya Saa Nne

Kila anapotaka kushona, fundi cherehani humwambia binti yake kwanza, "Mwanangu, mashine sasa." Mtoto huziba masikio. Fundi huhesabu moja hadi tano, ndipo anapokanyaga cherehani. Baadaye mtoto hushusha mikono na kurudi kwenye kopo lake la vifungo. Huvipanga kwa rangi, mstari mrefu hadi mlangoni, na ole wake atakayekanyaga kimoja! Ndiyo maana nyumbani wanamwita Bi Vifungo. Ana miaka saba, na husema maneno machache sana.

Sasa Bi Vifungo ameanza shule. Ni wiki ya tatu, na fundi hana raha. Anashona kola, anafumua, anashona tena. Siku ya kumwandikisha aliulizwa kama mtoto ana shida yoyote. Alijibu, "Hana." Shule ya kwanza walipoambiwa ukweli walimkataa mtoto, naye aliogopa yasije yakajirudia.

Simu ikalia.

"Mama, njoo haraka." Alikuwa mwalimu wa darasa. "Binti yako haonekani."

Fundi hakukumbuka hata kufunga mlango. Alikimbia roho mkononi. Kila honi ilimpasua moyo. Mbele ya shule kuna barabara kubwa, na magari hayapunguzi mwendo. Je, kama ametoka nje?

Uwanjani walimu walikuwa wakimwita mtoto kwa sauti kubwa. Mmoja alipuliza filimbi.

"Kengele ya saa nne ilipogongwa, alipiga kelele," mwalimu wa darasa alieleza. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo. "Nilimshika nimtulize, akachomoka."

Fundi alimtazama mwalimu mkuu aliyesimama kando. Akisema ukweli, huenda mtoto akafukuzwa leo leo. Akinyamaza, huenda asipatikane. Akapiga moyo konde.

"Nyamazeni! Tafadhalini, nyamazeni wote! Mkizidi kumwita, atazidi kujificha. Mwanangu ana usonji. Hospitali walituambia. Mimi niliwadanganya."

Walimtafuta kimyakimya. Walimkuta stoo, nyuma ya madawati mabovu, amejikunyata, ameziba masikio. Mwalimu wa darasa akanyoosha mkono.

"Usimguse kwanza," fundi alinong'ona.

Akaketi sakafuni, mbali kidogo na mtoto. Mwalimu naye akaketi na sketi yake safi kwenye vumbi. Wakangoja. Baada ya muda mrefu, mtoto alitambaa mwenyewe hadi mapajani kwa mama yake.

Ofisini, fundi alisimama karibu na mlango. Alingoja kuambiwa aende na mwanawe.

"Ungetuambia, mama," alisema mwalimu mkuu.

"Niliogopa mtamfukuza."

"Tumfukuze aende wapi? Shule ni yake pia. Lakini tusichokijua tutakisaidiaje? Hebu tufundishe."

Fundi akaeleza. Usonji hauambukizi. Si laana, wala si kudeka. Mtoto amezaliwa nao, na ubongo wake hupokea mambo kwa njia yake. Sauti ya ghafla humuumiza. Kushikwa ghafla humtisha. Akionywa mapema, hujiandaa.

"Kumbe!" alisema mwalimu wa darasa. "Basi nitamwonyesha picha ya kengele kabla haijagongwa. Akizidiwa, atakaa kwenye kona tulivu nyuma ya darasa. Wenzake nitawaelewesha. Nasi tuwe na daftari la kuandikiana. Akilala vibaya, niambie. Yakitokea mambo hapa, nitakuambia."

"Na mwalimu yeyote asimkimbize," alisema mwalimu mkuu. "Geti nalo lifungwe saa za masomo."

Kesho yake, saa nne ilipokaribia, fundi alisimama nje ya uzio. Kengele ikagongwa. Akafumba macho. Alisikia ukelele mmoja, mfupi, alioujua vizuri. Alikodolea geti macho kwa muda mrefu. Hakuna aliyetoka mbio.

Mtoto aliporudi nyumbani, fundi alifungua daftari. Mwalimu alikuwa ameandika: "Leo amelia kidogo. Amekaa kwenye kona, kisha amerudi mwenyewe kwenye dawati lake. Kesho tunamsubiri."

Fundi alisoma maneno mawili ya mwisho mara tatu, machozi yakimtoka. Hakuna shule iliyowahi kumwambia hivyo.