Msaada Uliofichwa

Kila jioni, baada ya vyombo kuoshwa na kazi za shule kukaguliwa, msichana aliyeitwa Mshale na kaka yake waliketi sakafuni mbele ya runinga kushindana kwa gemu ya magari. Jina hilo la Mshale alipewa na kaka huyohuyo, kwa jinsi alivyokata kona bila kugusa ukuta. Kwa miezi mitatu gari lake halikuwa limetoka nje ya barabara hata mara moja.

Ndiyo maana Jumamosi alikwenda kwenye kibanda cha gemu, ambako wachezaji wanne walikuwa wanachaguliwa kuuwakilisha mtaa kwenye mashindano. Mwenye kibanda aliwaeleza kwamba magari yake yamepangwa yaende kama ya kweli: ukizidisha mafuta yanateleza, ukichelewa kufunga breki umekwisha.

Mshale alikwisha kwenye kona ya kwanza. Gari lilizunguka kama pia, likagonga ukuta. Jaribio la pili likawa vilevile.

"Mshale kweli," mwenzake mmoja akamtania. "Umelenga ukuta, hukuukosa."

Wengine wakacheka. Mwenye kibanda hakucheka. Alimuuliza kama nyumbani hucheza kwa msaada wa mashine, na alipoona haelewi, akamwonyesha kwenye mipangilio: breki zinazojifunga zenyewe, usukani unaojinyoosha wenyewe.

Mshale alirudi nyumbani mbio, akawasha mashine. Upande wa kaka, misaada yote ilikuwa imezimwa. Upande wake, yote ilikuwa imewashwa.

"Ulinisifu bure," alimwambia kaka. "Kumbe mimi nilikuwa abiria."

Kaka alijitetea kwamba aliiwasha kwa kutaka Mshale afurahi tu. Siku za mwanzo alikuwa akilia kila akigonga. Hilo lilikuwa kweli, nalo ndilo lililomuuma Mshale zaidi.

Mama yao, mwalimu wa udereva, aliporudi aliwakuta wamepeana visogo. Alisikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili. Kisha akawatoa nje hadi kwenye gari lake la kufundishia, akawaonyesha breki ya pili iliyofungwa upande wa mwalimu.

"Hii mimi huwaonyesha wanafunzi wangu siku ya kwanza," alisema. "Nikiikanyaga, nawaambia nimeikanyaga. Nikinyamaza, mtu atadhani anajua, na kesho barabarani mimi sipo."

Kaka aliinamisha kichwa, akamwomba dada yake msamaha.

Nafasi ya mtaa ilikwenda kwa wengine. Kila wiki ndugu hao walizima msaada mmoja, na Mshale akagonga kuta mpaka akazizoea. Kaka hakumsifu. Siku Mshale alipomaliza mzunguko mzima bila kugonga, akiwa wa mwisho, kaka alisema tu, "Huo ni wako."

Mama aliwasikia kutoka jikoni.

"Kucheza kwa raha si kosa, wanangu, na kusaidiwa si aibu," alisema. "Ila anayesaidiwa aambiwe, apate kujua nguvu zake zinaishia wapi."